Jicho la Rubani Gizani

Aghalabu hudhaniwa kuwa mashine ya kuigiza urukaji hufunza vyema kadiri picha zake zinavyokaribia uhalisia. Dhana hii ina walakini. Katika mashine za Mmarekani Edwin Link, zilizoenea miaka ya 1930, mwanafunzi alifungiwa chini ya kifuniko, akabaki na saa za vipimo tu. Naye alifunzika, kwani somo lilikuwa kuruka ndani ya mawingu.

Kutua ni kisa kingine. Hapo rubani hukadiria kimo kwa jinsi umbo la njia ya kutulia linavyobadilika na jinsi alama za ardhini zinavyompita. Katika miaka ya 1960, Conrad Kraft wa kampuni ya Boeing aliwaigizia marubani wazoefu mji wenye taa, uliokaa mteremkoni, na mbele yake giza totoro. Kipimo cha kimo hakuwapa. Wengi walishuka chini mno, wakiamini bado wako juu. Angani kwa kweli, wangaliangamia pamoja na abiria wao.

Ikumbukwe kwamba picha ile ilikuwa duni: vijitaa gizani, basi. Lakini ilikuwa duni kama usiku wenyewe ulivyo, ndiyo maana iliwahadaa vilevile. Siku hizi vioo vilivyopinda huwatandazia marubani mandhari ya nyuzi 176 na zaidi (yapendeza, hapana shaka!), ila ardhi isiyochorwa miti, nyasi wala nyufa za lami humnyima rubani kipimo anachokihitaji magurudumu yakikaribia kugusa.