Majengo ya Goma: mwenye nyumba ni mlima wa moto

Miji mingi ya Waswahili ina Majengo yake. Muheza tunayo, Moshi wanayo, Mombasa wanayo, hata Nairobi. Mtu akikwambia anakaa Majengo huna haja ya kumhoji sana: ni uswahilini, nyumba zimebanana, na jirani anajua leo umekula nini.

Lakini kuna Majengo moja ambayo hata ukipewa nyumba ya bure, utakuna kichwa kwanza. Iko Goma, mashariki ya Kongo, upande wa kaskazini wa mji. Wakazi wake wanaongea Kiswahili kama wewe na mimi, kwa lafudhi yao. Ukitoka uani na kutazama juu, unauona mlima Nyiragongo, mita 3,470 kwenda juu. Kwa miaka mingi usiku kilele chake kiling'aa chekundu kama jiko la mkaa. Hiyo ni volkano, na iko hai.

Sisi wa Muheza mlima ni rafiki. Usambara ni mawe ya kale yasiyo na moto. Inatupa mto Zigi, chai ya Amani na iliki. Kule Goma mlima ni kama mwenye nyumba mkorofi. Anakaa kimya miaka, halafu siku moja anakuja kudai kodi bila hodi.

Januari 10, 1977 alikuja. Uji wa moto, ambao wataalamu wanauita lava, uliporomoka kwa kasi ya gari. Lava ya mlima huu ni nyepesi kuliko ya milima mingi, ndiyo maana inakimbia hivyo. Wanavijiji wengi hawakuwahi kujiokoa.

Januari 17, 2002 akarudi, na safari hii ilikuwa kasheshe. Moto haukushuka kutoka kileleni. Ardhi yenyewe ilipasuka, ufa ukateremka mpaka Munigi, pua na mdomo na mji! Lava ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Watu kama 100 walikufa, na wapatao 120,000 wakabaki bila makazi.

Mara ya tatu ni juzi juzi tu: Jumamosi jioni, Mei 22, 2021. Hakuna aliyetangaziwa kitu. Watu walikuwa mezani, mara anga limekuwa jekundu, kila mtu na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Lava ikasimama Buhene, mlangoni kabisa pa Majengo. Siku tano baadaye serikali ikaamuru mitaa 10 ihame, Majengo ikiwemo. Malaki ya watu wakatoka, wengine kuelekea Sake, wengine Gisenyi ng'ambo ya mpaka wa Rwanda.

Sasa utauliza, mbona walirudi? Hawana akili?

Wana akili tena nyingi. Kwanza, mlima huo unaobomoa ndio huo huo unaojenga. Lava ikipoa ni jiwe jeusi. Watu walilipasua kwa nyundo, wakainua kuta na nyua juu ya pale pale palipoungua. Wengine wanajenga kwa mbao, kwa sababu kuchimba msingi kwenye mwamba ule ni kimbembe, na nyumba ya mbao unaweza kuibomoa ukahama nayo. Maji nayo ni shughuli, maana mvua inazama kwenye mawe na mito hakuna. Ndiyo maana utaona vijana wanasukuma madumu juu ya chukudu, ile baiskeli yao ya mbao isiyo na pedali.

Pili, na hili ndilo kubwa, wengi hawakuja mjini kutafuta starehe. Walikimbia vita vijijini kwao. Vita vyenyewe viliwafuata: Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Mtu aliyekimbia risasi ya leo utamtishaje na moto ambao huenda ukaja baada ya miaka ishirini? Anapima hatari mbili na kuchagua ile inayomwachia muda wa kupika.

Kwa hiyo tusiwacheke. Kinachokosekana Majengo siyo woga. Kinachokosekana ni kengele. Goma kuna kituo cha wataalamu wa kuuchunguza mlima, lakini kabla ya mlipuko wa 2021 ufadhili wake ulikuwa umekwisha, hata intaneti ya kupokea habari za mitambo ikawa shida. Mlima ulipoanza kutetemeka, masikio yalikuwa yamezibwa. Ukikaa na mwenye nyumba mkorofi, angalau uwe na mtu wa kukwambia kwamba amefika kona ya mtaa.

Na sisi tujiulize: mvua kubwa ikija, Majengo ya kwetu nani anapiga kengele? Mtaro ukiziba unazibuliwa lini? Mlima wetu hautoi moto, sawa, lakini hatari haichagui sura.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.