Je, Winamp ina sauti nzuri kuliko foobar2000?

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu tuzungumze kuhusu muziki. Kuna ubishi mmoja ambao watu wa kompyuta hawauchoki: je, faili ileile ya MP3 inaweza kusikika vizuri zaidi katika programu moja kuliko nyingine? Zamani nilikuwa naapa kwamba inaweza. Aliyenifungua macho ni baba yangu, mtu ambaye hata kipanya hajawahi kukishika.

Mwaka 2006 nilikuwa nakaa naye Kangemi. Mzee alikuwa na kanda thelathini na kitu za muziki wa zamani: Daudi Kabaka, D. O. Misiani na Shirati Jazz, na wengineo. Nikaamua kumfanyia wema. Nilinunua waya pale Luthuli Avenue, nikaunganisha redio kaseti na kompyuta, na kila jioni nikishamalizana na foleni ya Waiyaki Way narekodi kanda moja au mbili. Diski yangu ilikuwa ya GB 20 tu na tayari imejaa, kwa hivyo nikabana kila wimbo kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Kazi ilipokwisha, kanda zenyewe nikampa mtu wa kukusanya plastiki. Nyumba ilikuwa ndogo, na muziki si tayari uko kwenye kompyuta?

Mzee akasikiliza, akanyamaza, kisha akauliza: "Kijana, gitaa liko wapi?"

Lawama nikaitupia programu. Nilikuwa natumia Windows Media Player, nikahamia Winamp. Mzee akasema afadhali kidogo. Muuza spika mmoja mjini akaniambia nijaribu VLC, eti ina besi kali. Mwenzangu kazini akaisifia foobar2000, ambayo Peter Pawłowski aliitoa mwaka 2002 baada ya kuwahi kuwafanyia kazi Nullsoft, wale wenye Winamp. Kila nilipobadilisha programu mimi nilisikia tofauti. Na kila nilipobadilisha, mzee aliuliza gitaa.

Mwishowe nikakumbuka kwamba mimi ni mwandishi wa programu, si mganga. Nikachukua wimbo mmoja, nikaufungua kwa Winamp na kwa foobar2000, kila moja ikauhifadhi kama faili ya WAV ya biti 16. Kisha nikaandika kijiprogramu cha kulinganisha namba moja moja. Kwanza ilibidi nisawazishe mianzo, maana moja iliongeza kimya kidogo mwanzoni. Baada ya hapo, tofauti kubwa kabisa ilikuwa ngazi moja kati ya 65,536. Hayo ni makadirio ya hesabu tu, hakuna sikio la kuyasikia.

Basi ile tofauti niliyosikia ilitoka wapi? Nikachunguza mipangilio. Winamp yangu ilikuwa na ikwalaiza imewashwa. Windows Media Player ilikuwa imewasha SRS WOW, ya kunenepesha besi. VLC nilikuwa nimepandisha sauti kupita asilimia 100. Na sikio letu lina udhaifu huu: kitu kikipigwa kwa sauti ya juu kidogo tu, tunakiona kizuri zaidi. Jambo jingine, Windows XP ingeweza kugeuza sauti kutoka sampuli 44,100 kwa sekunde hadi 48,000 kabla haijafika kwenye spika. Tangu Vista ya mwaka 2007 programu inaweza kukwepa hatua hiyo kwa kutumia WASAPI. Lakini kwa spika zangu za Luthuli, sidhani kama ningegundua.

Nikazima madoido yote, nikasawazisha sauti, nikamwomba mzee aketi akiipa kompyuta mgongo. Mara 16 nikamchezea, mara 9 akapatia ni programu gani. Hiyo ni sawa na kurusha sarafu. Kupata 12 ndiko kungenitia wasiwasi.

"Umemaliza?" akauliza. Akainuka, akachukua redio yake ya chumbani na kubonyeza. Ndani mlikuwa na kanda moja ambayo sikuiona siku ile nilipozigawa. Gitaa likalia, jembamba na kali, juu kabisa ya besi. Nikacheza faili yangu ya wimbo uleule. Ilikuwa kama imefunikwa blanketi. Hapo hapakuhitajika jaribio la mara 16.

Kosa lilikuwa langu. Ukibana muziki kwa kilobiti 64, sauti za juu ndizo hukatwa kwanza, na ule ukali wa gitaa la benga unaishi huko huko. Hakuna programu duniani inayoweza kurudisha kilichotupwa.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Chagua programu unayoipenda, zima madoido, na pesa zako peleka kwenye spika au hedifoni. Ukirekodi kanda za wazee, hifadhi kwa FLAC, ambayo hubana bila kutupa kitu. Na tafadhali, usigawe kanda kabla mwenyewe hajasikiliza.

Ile kanda moja nimeshairekodi upya. Nyingine nazitafuta River Road kila nikipita, na nimepata nne.