Kijito Kilichokatwa Pumzi

Kahawa ya Kilimanjaro huanza kuiva mwezi Julai, masika yakiwa yamekwisha na vijito vikipungua wiki hadi wiki. Uchumaji hupamba moto Septemba na Oktoba, na hapo ndipo maji huwa haba kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Anayetaka kuelewa yaliyokipata kijito chetu aanzie hapo. Kazi inayotaka maji mengi kuliko zote kijijini hufanyika wakati mto hauna ya kutoa, wala nguvu ya kuchukua uchafu unaomwagwa ndani yake.

Nimezaliwa mteremko wa kusini, juu ya Moshi, katika kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kinachopakana na kijito hicho. Hutoka msituni, hupita kati ya vihamba na kuingia Weruweru. Weruweru huingia Kikuletwa, na Kikuletwa humwaga katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako maji hutoka yakiitwa Pangani mpaka baharini. Utotoni mwangu kila nyumba ilimenya kahawa yake. Mashine ya mkono ilikaa nyuma ya nyumba, sisi watoto tukapokezana mpini, maganda mekundu yakatupwa migombani. Buni zililowekwa kwenye pipa mpaka utelezi uachie, zikaoshwa kwa ndoo, na maji yale machafu nayo yakamwagwa migombani. Uchafu ulikuwepo, ila ulikuwa wa ndoo chache hapa na ndoo chache pale, na ardhi iliumeza. Maji ya mfongo, yaani mfereji, uliopita mbele ya nyumba tuliyachota alfajiri, kabla ng'ombe hawajaamka, tukayanywa.

Bei ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, majirani wengi waling'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Waliobaki waliambiwa kwamba kahawa ikimenywa pamoja, siku ileile iliyochumwa, ikapata ubora mmoja, wanunuzi wataipa bei nzuri. Ilikuwa kweli. Chama chetu cha msingi kikajenga mtambo, na ukajengwa mahali ambapo kila mtu aliona panafaa: ukingoni mwa kijito, chini kidogo ya daraja la miguu. Hapakuwa na mtu aliyekusudia ubaya. Baba yangu aliuza kahawa kwa bei ya heshima baada ya miaka mingi ya kukopa mbolea, na ada ya mdogo wangu ililipwa na mtambo huo. Lakini sasa uchafu uliokuwa umetawanyika katika mamia ya vihamba ulitoka kwa bomba moja.

Kilo 100 za kahawa mbivu huacha kilo 40 na ushei za maganda. Buni zikitoka kwenye mashine bado zimevaa utelezi, na utelezi huo umejaa sukari. Sukari ikifika mtoni huwa chakula cha bakteria. Wanakula, wanazaliana, na katika kula kwao wanavuta oksijeni yote iliyoyeyuka majini. Maji yenyewe huchacha. pH hushuka mpaka 4 hivi. Chini ya daraja mawe yaliota utando wa kijivu wenye nyuzinyuzi, na harufu ilipanda mpaka madarasani. Akina mama walilalamika kuwashwa mikono baada ya kufua. Walio chini zaidi yetu, ambao hawakuwa na kahawa hata mti mmoja, walinyweshea mifugo maji hayo.

Wakati huo nilikuwa fundi sanifu katika maabara ya maji. Malalamiko yalifika ofisini na sampuli zikachukuliwa, tena kwa kufuata taratibu zote. Tatizo lilikuwa saa. Gari liliondoka mjini asubuhi na kufika kijijini karibu na adhuhuri. Mtambo hauna kazi saa hizo. Wakulima huleta kahawa alasiri, humenywa jioni na usiku uleule kwa sababu ikilala mbivu inaharibika, na matangi ya kulowekea hufunguliwa alfajiri. Kufikia saa sita mchana ule mkupuo umeshapita, uko mbali huko Weruweru. Ripoti ikasema hali ya mto ni ya wastani, na mama yangu akaendelea kupita kando ya maji yanayonuka.

Nikachukua likizo, nikaenda kulala nyumbani na sanduku la chupa. Kipimo nilichotumia kilibuniwa na Mhungaria Lajos Winkler mwaka 1888 na hakihitaji umeme. Unajaza chupa ya kioo maji ya mtoni bila kuacha kiputo cha hewa, unatia matone ya chumvi ya manganizi, kisha matone ya iodaidi iliyochanganywa na magadi makali, unaziba na kugeuzageuza. Kama maji yana oksijeni, hujitokeza wingu la kahawia linaloshuka polepole. Saa kumi na moja alfajiri, upande wa juu wa daraja, wingu lilikuwa la kahawia iliyokoza. Nikashuka hatua chache chini ya bomba, nikajaza chupa nyingine kwa mwanga wa tochi. Wingu likatoka jeupe pee. Maji yalikuwa yanapita miguuni pangu, yanasikika, na hayakuwa na pumzi hata chembe.

Nikazipeleka chupa hizo kwenye mkutano wa kijiji. Mzee mmoja wa bodi ya chama alizitazama kwa utulivu, akasema, "Mama Neema, tunakuheshimu, wewe ni binti yetu. Lakini rangi hii imeletwa na dawa yako. Ukitia dawa hiyo kwenye chai nayo itageuka." Watu wakaguna kumuunga mkono. Aliposema hivyo nilimwelewa. Nilikuwa nimewaletea ushahidi ambao lazima waniamini mimi kwanza ndipo wauamini wenyewe. Mtu anayeambiwa kwamba riziki yake inaua mto ana haki ya kudai aone kwa macho yake.

Hapo ndipo nilipogeukia wadudu. Waafrika Kusini walikuwa wametengeneza zamani utaratibu wa kuupa mto alama kwa kuangalia viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe, na wanasayansi wa hapa kwetu baadaye wakatengeneza wa Tanzania, unaoitwa TARISS. Toleo jepesi la kazi hiyo linataka chandarua kidogo, beseni jeupe na subira. Nikamwomba mzee yule aje mwenyewe, na akina mama wanaochota maji, na vijana wa kipaimara.

Upande wa juu wa daraja mama mmoja aligeuza jiwe la kwanza na beseni likajaa uhai. Alikuwepo mdudu bapa mwenye mikia mitatu, mbavuni ana vijani vidogo vinavyopepea bila kukoma. Hayo ndiyo matamvua yake. Alikuwepo mwingine mwenye mikia miwili na matamvua ya manyoyanyoya kwapani, anayetaka maji safi na yenye hewa kuliko wote. Walikuwepo wana wa kereng'ende, na kaa mdogo aliyekasirika. Tukashuka chini ya bomba. Jiwe la kwanza, utando. La pili, utando. La tatu lilikuwa na funza wekundu, wale ambao damu yao hukamata hewa kidogo iliyopo, na funza mwenye mkia mrefu anaouchomoza juu ya maji apate kupumua, kwa kuwa mle ndani hakuna kitu. Yule mama aliuliza, "Hata kaa?" Hakuna aliyemjibu. Mzee aliinama akageuza mawe mwenyewe, moja baada ya jingine, mpaka suruali ikalowa magotini.

Jambo la kwanza ambalo chama kilifanya ni kumwaga chokaa. Karatasi ya pH ikasoma 7 na watu wakafurahi. Nilipima oksijeni, wingu likatoka jeupe kama mwanzo, na maji yakawa meusi zaidi, kwa kuwa rangi ya maganda hukolea ukali ukiondoka. Chokaa huua ukali tu; sukari hubaki palepale, na bakteria hawajali. Nasisitiza hili kwa kuwa nimeona mitambo mingine ikiishia hapo, ikionyesha karatasi ya pH kwa mgeni na kufunga mjadala.

Kilichosaidia ni kuuzuia uchafu usifike mtoni kabisa. Maganda yakaanza kutolewa makavu kwa toroli badala ya kusukumwa na maji. Maji ya kumenyea yakazungushwa yatumike tena na tena usiku mzima. Na yalipochoka yakapelekwa kwenye mashimo: la kutuama kwanza, kisha la kunywea ardhini lililopandwa matete. Hayo yote ni rahisi kuyaandika. Kigumu kilikuwa ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli ya kudumu au yoyote inayoweza kuuharibu, na kwetu kuchimba mashimo nje ya mita hizo ni kuchimba ndani ya kihamba cha mtu, alichoachiwa na babu yake, pengine na kaburi la huyo babu limo. Mazungumzo yalichukua msimu mzima. Mwishowe familia moja ilitoa kipande chao kwa masharti kwamba mboji yote ya maganda ipite kwao kwanza, na kwamba mashimo yazungushiwe uzio kwa ajili ya watoto. Familia hiyo ndiyo iliyouokoa mto, na jina lao halimo katika ripoti yoyote.

Miaka iliyofuata chama kilinunua mashine inayousugua utelezi badala ya kuloweka buni, na maji yakapungua sana. Mikaratusi iliyokuwa ukingoni ikakatwa, ikapandwa misesewe na mikuyu. Miti hiyo ndiyo hupigwa picha wageni wakija, nami naipenda, ila haikuusafisha mto. Mto ulisafishika siku bomba lilipozibwa.

Uhai ulirudi upesi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu huko juu msitu ulikuwa bado mzima na wadudu walisombwa na maji kushuka chini, wengine wakaruka na kutaga. Wenye mikia mitatu walitangulia. Kaa walifuata. Mwenye kwapa za manyoya bado hajarudi chini ya daraja. Nadhani sababu moja ni mrututu tuliopulizia mibuni miaka na miaka kupambana na ugonjwa wa chulebuni. Shaba iliyomo haiozi, hukaa kwenye tope. Sabuni za kufulia nazo zimeongezeka. Mto haujapona wote, na sitaki mtu aseme umepona.

Wewe uliye jirani wa mtambo wa kahawa, popote ulipo, usingoje gari la mjini. Nenda alfajiri matangi yanapofunguliwa. Geuza mawe juu ya bomba na chini ya bomba, kabla ya msimu na katikati ya msimu, uandike ulichokuta. Na daftari hilo likae kwa wanaochota maji, lisikae kwa mwenye mtambo.