Butura si Deni?

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa neno butura twalijua kabla ya kujua kusoma. Maana yake ni kuuza kahawa ingali maua mtini. Mwenye fedha hukupa kidogo leo, na wakati wa mavuno huchukua magunia. Viongozi wameikataza, walakini ingaliko.

Mama alipougua, baba aliuza kahawa yetu hivyo. Alipopona, baba alipata fedha akaenda kulipa. Yule bwana akakataa, akasema, “Mimi sikukukopesha, nilinunua kahawa.” Bei ilikuwa imekwisha panda.

Muhula huu mwalimu alitufundisha neno malimbikizo, yaani deni lililopitisha siku yake likarundikana. Latokana na kulimbika, kuweka kidogo kidogo. Nikafikiri: malimbikizo, hata yakiwa makubwa, hupunguzwa shilingi kwa shilingi mpaka yakaisha. Butura haipunguziki, hungoja mavuno yote.

Nilimweleza baba. Alinyamaza, kisha akasema, “Mwanangu, basi mimi sikuwa hata mdaiwa.” Ndugu zangu, kabla ya kupokea fedha, tuulize kwanza: jina lake nini?