Leta Namba za Kifaa

Chumba kilikuwa nyuma ya madrasa, Mlaleo, upande wa Kisauni. Kabla ya kompyuta kuingia kilikuwa stoo ya majamvi na masufuria ya maulidi, na harufu ya pilau haikukitoka kamwe. Dirisha moja, feni moja, na waya wa stima uliovutwa kutoka nyumba ya jirani kwa makubaliano aliyoyajua ami peke yake. Ami ndiye mwenye chumba. Sote tulimwita hivyo, hata tusiokuwa na udugu naye.

Nazungumzia mwaka 2008 na 2009. Kompyuta zilikuwa za msaada, zimetumika Ulaya hadi wenyewe wakazichoka, kisha zikaja kwa kontena pamoja na baiskeli na magodoro. Hakuna mbili zilizofanana. Moja ilikuwa na kibodi ya Kijerumani, ambayo Y na Z zimebadilishana mahali, na mtoto aliyeizoea alikuwa akihamishiwa mashine nyingine anaandika Yainabu badala ya Zainabu. Mimi nilikuwa nakaa Likoni, nikivuka kwenda kufundisha pale. Malipo yalikuwa chai, mahamri, na dua za akina mama waliowaleta watoto.

Windows iliyokuwemo haikuwa na leseni, na kila flashi iliyotoka saiba ilikuja na virusi vyake. Ndiyo sababu tukahamia Linux. Wakati huo Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikimtumia CD za Ubuntu, aina moja ya Linux, yeyote aliyeziomba, bila hata gharama ya posta; huduma hiyo iliendelea hadi 2011. Zetu, toleo la 8.04, zilifika Posta Kuu ya Digo Road ndani ya bahasha ngumu, na ami alizigeuza moja moja akitafuta bei. Kijana wa leo mwenye bando hataelewa uzito wa jambo hilo. CD moja ilikuwa na megabaiti kama 700, na intaneti ya Mombasa ilikuwa bado inapitia setilaiti. Kuipakua saiba, ukilipa kwa dakika, kungemaliza nauli ya mwezi.

Programu ilikuwa bure, lakini chipu zilikuwa na wenyewe. Kiini cha Linux, yaani kerneli, alichokianza Linus Torvalds kule Helsinki mwaka 1991, kinahitaji draiva kwa kila kifaa, na watengenezaji wengi walikuwa wakiandika draiva ya Windows tu, basi. Maelezo ya ndani ya kifaa hawakuyatoa. Watu wa kujitolea walikaa na kifaa mezani, wakisikiliza kinazungumza nini na Windows, kisha wakaandika draiva yao kwa kukisia na kujaribu. Kazi ya usiku, baada ya kazi ya mchana. Kwa hivyo kadi ya sauti iliyokuwa kimya au printa iliyotoa karatasi tupu haikuwa na ofisi ya kupelekewa malalamiko. Ulikuwa unaomba.

Shida yetu kubwa ilikuwa modemu ya USB, kwa maana waya wa simu haukufika chumbani kwetu. Ukiichomeka, kompyuta iliona CD. Si modemu. Ilikuwa hila ya watengenezaji: kifaa kinajitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya Windows ndani yake, ili mnunuzi asihangaike kutafuta diski; programu ikishawekwa, inakitumia kifaa ujumbe mfupi, nacho kinajigeuza modemu. Kwenye Linux hapakuwa na wa kutuma ujumbe huo. Kikabaki CD hadi uchoke.

Sasa, utaombaje msaada wa intaneti pasipo intaneti? Nilikuwa nauliza Likoni, usiku, katika saiba iliyo karibu na kivuko. Mashine yenyewe ilikuwa Kisauni. Kati ya swali na mgonjwa palikuwa na maji mara mbili: mlango wa Likoni, tuliouvuka kwa feri ya Nyayo, Harambee au Kilindini, na mkono wa bahari wa Tudor chini ya daraja la Nyali. Wasaidizi wa mtandaoni waliniambia, endesha amri hii utuletee inachosema. Kwao ilikuwa kazi ya nukta kumi. Mimi niliiandika amri kwenye daftari, nikavuka siku ya darasa, nikapanda matatu ya Kisauni, nikaiendesha, nikahifadhi majibu kwenye flashi, nikarudi. Nikifika saiba, aliyeniuliza ameshalala au amebadilishana zamu na mwingine asiyejua habari yangu hata kidogo.

Watu hao walikuwa wakikusanyika katika chumba cha maongezi cha Ubuntu kwenye mtandao wa Freenode, mamia kwa wakati mmoja, maandishi yakipanda juu bila kusubiri mtu. Mtu wa pwani haanzi na haja. Huanza na hodi, na salamu, na watoto hawajambo, na haja ikaja mwisho, tena ikizungushwa kidogo ili mwombwaji apate pa kukataa bila aibu. Kule salamu zilipanda juu zikapotea. Aliyeomba ruhusa ya kuuliza aliambiwa aulize. Wageni walikuwa wakielekezwa wasome maandishi ya Eric Raymond na Rick Moen ya mwaka 2001 kuhusu namna ya kuuliza maswali ya kiufundi. Niliyasoma, na maoni yangu hayajabadilika: waliyoyasema ni kweli tupu, na waliyasema kwa ukali usio na lazima. Inawezekana kumfundisha mtu kuuliza bila kumwonyesha kwamba kakupotezea wakati.

Lakini ndani ya ukavu ule kulikuwa na heshima ya aina nyingine, nami ilinichukua muda kuiona. Hawakuniuliza mimi ni nani, nimesoma wapi, nina pesa ngapi. Waliuliza: kerneli namba ngapi? Umefanya nini kabla haijaharibika? Amri ya lsusb inasema nini? Mtu aendaye kwa daktari akasema "naumwa" tu, akanyamaza, atapewa Panadol. Mimi nilijifunza kuja na dalili zimeandikwa, tarehe na saa, maneno ya kosa jinsi yalivyo bila kuyafupisha. Na jibu likifanya kazi, urudi useme limefanya kazi, maana yuko mwingine mwenye shida hiyo hiyo anayesoma kimya.

Kulikuwa na mmoja, simjui jina wala sura, ambaye kwa saa zake nilikisia yuko Ulaya. Huyu hakuchoka. Wakati mashine yetu nyingine ilipokuwa ikiganda katikati ya somo, aliniambia niendeshe kipimo cha memori kilichomo kwenye CD ya Ubuntu, usiku kucha. Nikamweleza kwamba usiku kucha kwetu ni lugha ya kishairi, stima huenda na kurudi itakavyo. Akacheka kwa maandishi, akasema basi jaribu mchana. Mistari ikatoka myekundu. Akasema vijiti vya memori vimekufa, nunua vingine.

Pesa ya vingine haikuwepo. Nikaichukua mashine hadi Changamwe kwa fundi mmoja pale Magongo, kando ya barabara ya malori, aliyekuwa akitengeneza redio na televisheni na hakujali Linux ni kitu gani. Alichomoa kijiti, akakiinua juani, akatazama yale meno yake ya rangi ya dhahabu.

"Mwalimu, hiki hakijafa. Hii ni chumvi."

Akaomba raba ya penseli kwa mtoto aliyekuwa akipita na begi la shule. Akasugua taratibu, pande zote mbili, akapuliza, akarudisha. Malipo yake yalikuwa soda. Kipimo kikatoka safi, na niliporudi Likoni nikaandika yote: hewa ya bahari, kutu ya kijani, raba. Yule wa Ulaya hakutoa hoja. Aliuliza chumba kiko umbali gani kutoka baharini, raba ya aina gani, na kama ni lazima kupangusa na spiriti baadaye. Tangu hapo nilimwona mara kadhaa akimwuliza mtu mwenye mashine inayoganda: je, wakaa karibu na bahari?

Modemu ilichukua muda zaidi. Alikuwepo Mjerumani, Josua Dietze, aliyekuwa ameandika programu ndogo iitwayo usb_modeswitch, ambayo kazi yake ni kutuma ule ujumbe wa kukigeuza kifaa. Orodha ya vifaa alivyovijua ilijazwa na watumiaji wenyewe: kila aliyefaulu alileta namba za kifaa chake, tarakimu nne za mtengenezaji, nukta mbili, tarakimu nne za kifaa, pamoja na ujumbe uliofanya kazi. Chetu hakikuwemo. Kwa hiyo ilibidi tuupate ujumbe sisi, nao ulijulikana na Windows tu.

Nilimwomba mwenye saiba wa Likoni mashine moja, na ruhusa ya kuweka programu inayosikiliza mazungumzo ya USB. Alinitazama kwa muda.

"Ikiniharibikia, ni yako."

Nikachomeka modemu, Windows ikaigeuza, na faili la mazungumzo likatoka refu kuliko subira yangu. Yule wa Ulaya aliniambia nisisome lote. Nitafute kipande cha baiti 31 kinachoanza na 55534243, maana amri zote za aina hiyo huanza hivyo. Vilikuwepo vingi. Cha mwisho, kabla kifaa hakijajiondoa na kurudi kwa sura mpya, ndicho. Nikakinakili mara mbili, kwenye flashi na kwenye daftari, nikavuka.

Mlaleo, usb_modeswitch ilipoutuma ujumbe huo, taa ya modemu ilibadilika kutoka kijani kuwa buluu, na mtoto mmoja akasema "imekubali" kabla sijaamini mimi. Katika miezi ile ile magazeti yalijaa habari za nyaya za baharini: TEAMS umefika Mombasa kutoka Fujairah, na SEACOM ukafunguliwa Julai 2009. Hotuba zilikuwa nyingi. Sisi tulikuwa na kifaa chetu cha dole gumba, nacho kilitosha.

Ami hakuwa akikaa mbele ya kompyuta hadi tulipoweka Jambo OpenOffice, ile ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipoona orodha za juu zinasomeka, akavuta kiti. Jioni moja akanikuta nikiandikiana na yule wa Ulaya, safari hii kutoka pale pale chumbani, nikimpa namba na ujumbe ili zipelekwe kwenye orodha.

"Hawa walipwa na nani?"

"Hawalipwi, ami."

"Ni dini yao?"

"Sijui dini yao."

Akafikiri. Mtu aliyekufaa hawezi kuachwa na shukrani ya mdomo, akasema, tena ya mdomo wenyewe hatuuoni. Alitaka mtu yule apelekewe halua, kilo mbili, ndani ya bati, na kikoi. Nikauliza anwani. Jibu likaja kwamba hataki kitu, ila nikipata modemu ya aina nyingine nimletee namba zake.

Ami hakuridhika. "Basi mwandikie hivi: akija Mombasa, asilale hoteli. Na mkewe aje naye."

Nikaandika. Akatuma alama ya tabasamu, kisha akauliza kama kadi ya sauti nayo ilikuwa ikifanya kazi.