Ni Nani Amsikilizaye Msikilizaji?

Wenzetu wawili katika kikundi chetu wametuambia kwamba wakimaliza lisansi ya saikolojia wanataka kuendelea hadi masta. Wanataka kuwa wanasihi, yaani washauri wa watu wenye maumivu ya nafsi na wa watu waliofungwa na pombe au bangi. Baadhi yetu walifurahi. Wengine waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: miaka mitatu ya lisansi na miwili ya masta, pamoja na karo yake, ni ya nini, ikiwa kusikiliza ni karama ambayo bibi zetu wanayo bila kukanyaga chuo kikuu? Tumelitafakari swali hilo pamoja, kwa kuwa linagusa watu tunaowafahamu kwa majina.

Hapa Kirotshe, kandokando ya Ziwa Kivu, hakuna anayehitaji kufundishwa maana ya maumivu ya nafsi. Barabara ya Sake imepitisha wakimbizi mara nyingi kupita hesabu. Mwezi wa Mei 2021, baada ya mlima Nyiragongo kulipuka, watu wengi wa Goma walihamishwa, wakaja Sake kulala makanisani na mashuleni. Katika miaka iliyofuata njia ikageuka: vita vikawasukuma watu wa Masisi kukimbilia Goma, wakiwa na magodoro kichwani. Wengi wamerudi mashambani, lakini si wote waliorudi wakiwa wazima moyoni. Yupo baba anayeanza asubuhi kwa kasiksi na kumaliza usiku kwa kanyanga. Hanywi kwa sherehe, anatafuta usingizi. Yupo kijana anayevuta bangi ili asisikie tena milio aliyoisikia. Sisi huwaita walevi na wahuni. Mara nyingi ni wagonjwa wanaojitibu kwa dawa mbaya.

Je, moyo mwema hautoshi kuwasaidia? Moyo mwema ndio mlango, na bila huo hakuna aingiaye. Lakini ndani ya nyumba kuna mambo ambayo wema peke yake hauyajui. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi, akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, kuanguka kifafa, hata kufa. Anayemsifu kwa kuacha, au anayesema ameingiwa na pepo, anaweza kumchelewesha kufika hospitalini. Tena wengi wetu huogopa kumwuliza mtu aliyekata tamaa kama anafikiria kujiua, tukidhani tutampandikizia wazo hilo. Wataalamu wanafundisha kinyume chake: kuuliza waziwazi na kwa upole hakumletei mtu wazo hilo, bali humfungulia nafasi ya kusema. Na aliyepatwa na jambo la kutisha hapaswi kulazimishwa kulisimulia lote siku ya kwanza. Haya hayatokani na huruma tu. Hufundishwa, hufanyiwa mazoezi, na husahihishwa na aliyetangulia.

Kuna ushahidi uliotoka kwetu wenyewe, hapa Kivu. Mwaka 2013 jarida la udaktari la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya mashariki mwa Kongo na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na wenzao. Wanawake 405 waliokuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono walishiriki. Katika vijiji vingine walipata msaada wa kawaida, wa mtu mmoja mmoja. Katika vingine walipewa tiba ya mazungumzo kwa vikundi, inayomsaidia mtu kuyapima mawazo yanayomfunga, kama vile wazo kwamba kosa lilikuwa lake. Miezi 6 baada ya tiba, waliobaki na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa katika vikundi vya tiba walikuwa asilimia 9. Kwa wale wengine walikuwa asilimia 42.

Aliyeitoa tiba hiyo alikuwa nani? Hakuwa daktari. Walikuwa Wakongomani wa kawaida, wasaidizi wa kisaikolojia kama wale tunaowaita APS, wenye elimu ya sekondari, waliofundishwa kwa majuma mawili. Basi wanaouliza kuhusu bibi zetu wana sehemu ya ukweli: mtu asiye na masta anaweza kuponya.

Lakini tusiishie hapo. Nyuma ya wasaidizi hao walisimama wasimamizi Wakongomani, na nyuma ya wasimamizi walisimama wataalamu waliosomea kazi hiyo hadi chuo kikuu. Msaidizi alipokwama, alikuwa na wa kumwuliza. Alipoelemewa na aliyoyasikia, alikuwa na wa kumwambia. Mara ngapi tumeona mradi ukifika na magari yake, ukafundisha vijana wetu, kisha ukafunga baada ya miezi michache? Msaidizi hubaki kijijini na daftari lake, akiendelea kupokea machozi ya watu, wala hakuna anayepokea ya kwake. Huyo ndiye tunayemhofia. Na ndiyo sababu tunasema masomo ya wenzetu si anasa: mnasihi mmoja aliyesoma hadi masta, akibaki kwetu, anaweza kusimama nyuma ya wasaidizi kumi.

Nchi nyingine zimelichukulia jambo hili kwa uzito. Marekani, programu za masta ya unasihi zinazofuata viwango vya kitaifa humdai mwanafunzi saa 100 za mazoezi ya kwanza, kisha saa 600 za kazi chini ya msimamizi, kabla ya kuhitimu. Kenya ilitunga sheria ya wanasihi na wanasaikolojia mwaka 2014, ili asiwepo anayejiita mnasihi bila kuandaliwa. Kwetu pia hatuanzi patupu. Shirika la watawa la Frères de la Charité, lililozaliwa Ubelgiji mwaka 1807, linawahudumia wagonjwa wa akili katika kituo cha Tulizo Letu mjini Goma na SOSAME mjini Bukavu. Wenye kujifunza wana mahali pa kutazama kazi ikifanyika.

Mfuko wa kikundi chetu ni mdogo. Hautoshi karo ya mmoja, sembuse wawili. Baadhi yetu wanataka fedha hizo zinunue cherehani, nao wana sababu, maana njaa nayo huvunja moyo. Tena hakuna awezaye kuapa kwamba wenzetu wakihitimu watarudi Kirotshe na si kubaki mjini penye mshahara na usalama. Hatujaamua bado. Tumekubaliana jambo moja tu: tusiamue kana kwamba kusikiliza ni kazi isiyohitaji shule.

Nabii Eliya alipoketi chini ya mti jangwani akiomba kufa, malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kisha akaja mara ya pili, na hapo ndipo Eliya alipopata nguvu za safari. Watu wetu wamewaona wengi wanaokuja mara moja.

Tunawaachia maswali ya kujadili katika vikundi vyenu. Katika parokia yenu, ni nani wanaobeba siri na machozi ya wengine: katekista, mama kiongozi wa jumuiya, muuguzi, APS? Wakielemewa, huenda kwa nani? Na ikiwa hakuna, ni kijana yupi kati yenu mngekuwa tayari kumtuma shule, na mngempa sababu gani ya kurudi?