Ulimshinda Nani?

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, tulikuwa barazani kwangu hapa Rudewa, wazee watatu na dada yangu. Kijana mmoja alifungua simu akatusomea alama za watoto wetu. C nyingi, D za kutosha, A za kuhesabu kwa vidole. Mwenzangu akatikisa kichwa: "Watoto wa siku hizi! Sisi tulikuwa tunasoma, bwana." Nami nikadakia na ile hadithi yangu ya siku zote, kwamba mwaka 1960 niliongoza mtihani wa darasa la nne nikaingia mido. Dada alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Mdogo wangu," akasema, "ulimshinda nani? Mimi nilikuwa nyumbani."

Tangu siku hiyo sijaweza kuisimulia tena hadithi ile.

Nimeshika chaki miaka 41, toka 1967 hadi nilipostaafu 2008, na nilipaswa kujiuliza swali hilo kabla ya mwanamke ambaye hakuwahi kuketi darasani. Enzi zetu shule ya msingi iliishia darasa la nne. Aliyepenya aliingia shule ya kati, la tano hadi la nane, ndiyo mido yenyewe. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la 1967, alitaja kwamba mwaka 1961 watoto wa shule za msingi Tanganyika nzima walikuwa 490,000, na wengi wao waliishia la nne. Wa sekondari walikuwa 11,832. Wa kidato cha sita, 176. Nchi yenye watu zaidi ya milioni nane!

Sisi wakulima wa mpunga tunajua: ukishapepeta ukatupa pumba zote, huna haki ya kumcheka jirani ambaye mpunga wake bado uko guniani. Na pumba za wakati ule hazikuwa pumba. Walikuwa watoto.

Baba yetu alikuja Rudewa kutoka Njombe na manamba, kukata mkonge. Kambini kulikuwa na Wabena, Wangoni, Wamakonde, Wanyamwezi na Waha, nje ya kambi wenyeji Wasagara na Wakaguru. Mido niliyosoma haikufanana na kambi wala na kijiji. Kutoka kambi nzima tulikuwa wawili: mimi na mtoto wa karani. Msichana hakuwepo hata mmoja. Mtoto wa wafugaji wa Kiparakuyo tulimwona barabarani tu, nyuma ya ng'ombe. Baba alikuwa na ada ya mtoto mmoja, na hakuna aliyeuliza ni yupi.

Kisha nikawa mwalimu, na nchi ikafungua mlango. Azimio la Musoma la 1974 likaagiza elimu ya msingi kwa wote, ndiyo UPE, na kufikia 1977 madarasa yalikuwa yamefurika. Walimu vijana waliomaliza la saba wakaletwa kusaidia, watu wakawabeza: walimu wa UPE. Alama zikashuka. Nasi wa zamani tukasema elimu imekufa. Lakini ndipo rejista yangu ilipoanza kufanana na Rudewa. Niliita majina ya watoto wa wakata mkonge, wa wenyeji, wa wafugaji, na wasichana mpaka nikazoea. Miaka ya baadaye ada ilirudi, rejista ikapungua. Mwaka 2001 ada ya msingi ikafutwa tena, nikajikuta na watoto hadi dirishani.

Mwalimu akiijua rejista yake huyasoma matokeo kabla hayajatoka. Mpunga ukianza kuiva, alama za utoro zilijipanga mstari: watoto wako shambani wanaamia ndege. Kiangazi kikikaza, watoto wa wafugaji walipotea na mifugo. Kambi ikikosa kazi, niliandika "amehama" ukurasa mzima. Nilimchapa mtoto mmoja kwa utoro wa wiki mbili. Baadaye mama yake aliniambia kuwa shamba lile alilokuwa akililinda ndilo lililonunua sare aliyokuwa ameivaa. Fimbo ile bado inaniuma kuliko ilivyomuuma yeye.

Na yapo ambayo mtihani haupimi. Tarehe 8 Desemba 2000, hapo Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Baada ya hapo, mtoto wa mkulima na wa mfugaji kubanana dawati moja na kuazimana kifutio lilikuwa somo ambalo sikujua nilisahihishe vipi. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule kumi bora, wengine walilalamika. Mimi nilishukuru. Orodha ile ilikuwa inatuambia nani kafika mbele, haisemi nani alianzia wapi.

Sisemi mambo ni mazuri. Mtoto wa la sita asiyeweza kusoma aya bila kukwama ni deni letu, na siku akifika kidato cha kwanza atakuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Shule za Kayumba, hizi za serikali, zinahitaji walimu na madawati, hazihitaji utetezi wangu. Ila tukitaka kulipa deni, tuanze kwa kuacha kudanganya: kizazi chetu hakikuwa na akili zaidi. Kilikuwa na wachache zaidi.

Nikirudi kwa dada. Baba alikuwa akileta kipande chake jioni, kadi ya vyumba 30, chumba kimoja kwa kila siku ya kazi, na mshahara hautoki mpaka vyote vijae. Hakujua kusoma. Dada ndiye aliyekaa sakafuni na punje za mahindi, akipanga kumi kumi, ili mnyapara asimpunje baba siku. Jioni moja alikuta siku mbili zimeruka, na baba akaenda kuzidai, akazipata.

Mimi nilikuwa sijaanza shule. Nilikuwa nimechuchumaa pembeni yake, nikizitazama zile punje. Hesabu iliyonipeleka mido nilijifunza pale.